Barua ya wazi kwa wanaopanga safari za kukarabati vituo vya anga

Kwa wakuu wa programu za vituo vya anga, wapangaji wa safari za watu na shehena, na wabunifu wa vituo vipya vitakavyorithi kazi ya Kituo cha Kimataifa cha Anga.

YAH: KIPURI, VAZI NA KITI CHA KURUDI VIWEPO KABLA YA HITILAFU

Waheshimiwa,

Tunaandika hadharani kwa sababu njia ya faragha haikuzaa. Hoja zilizomo humu zilipelekwa kwanza kwa barua za kawaida na katika vikao vya kukusanya maoni. Zilipokelewa kwa shukrani, kisha kimya. Hatuna ugomvi na mtu yeyote. Tunaiheshimu kazi ya kuwaweka watu kilomita 400 juu ya ardhi na kuwarudisha wazima, na tunajua wengi wenu mnakesha kwa ajili yake. Ila kuna kasoro moja ambayo imejirudia kwa zaidi ya miaka 50, na sasa tunaiona ikiingizwa tena katika mipango ya miaka iliyosalia ya kituo kilichopo na katika michoro ya vile vitakavyokifuata.

Kasoro yenyewe ni hii: safari ya ukarabati hupangwa baada ya kitu kuharibika. Kabla ya hapo kinachopangwa ni kurusha, kukaa, kufanya utafiti na kurudi. Siku pampu inapozima au chombo kinapovuja, vitu vitatu vinavyoamua hatima ya watu na ya kituo, yaani kipuri, vazi la kutokea nje na kiti cha kurudi nyumbani, ndipo vinapoanza kutafutwa.

Msishangae barua hii kuja kwa Kiswahili. Obiti ya kituo imeinama nyuzi 51.6 kutoka ikweta, kwa hiyo chuma hicho cha tani 420 hivi hukatiza juu ya Afrika Mashariki kila mara. Tarehe 30 Desemba 2024 pete ya chuma ya kipenyo cha mita 2.5 na uzito wa kilo 500 hivi, sehemu ya roketi, ilianguka katika kijiji cha Mukuku, Kaunti ya Makueni nchini Kenya. Kwa bahati haikuua mtu. Wanaoishi chini ya njia ya vyombo hivi wana haki ya kuuliza vinatunzwaje.

Malalamiko yetu ni haya.

1. Kiti cha kurudi hakipangwi mpaka kikosekane

Tarehe 14 Desemba 2022 chombo cha Urusi cha kubeba watu, Soyuz MS-22, kikiwa kwenye gati la kituo, kilianza kumwaga kipozeo angani kupitia tundu lisilofika milimita moja. Chombo kisicho na kipozeo, kikifungwa na watu watatu ndani, hupanda joto hadi kuhatarisha watu na kompyuta zinazokiongoza kushuka. Chombo cha badala, MS-23, kilirushwa bila watu tarehe 24 Februari 2023. Zaidi ya miezi miwili ilipita katikati. Katika muda huo kigodoro cha kiti cha mwanaanga Frank Rubio, ambacho hufinyangwa kwa umbo la mgongo wa mtu mmoja ili mshindo wa kutua usimvunje, kilihamishiwa ndani ya Dragon, chombo cha kampuni ya SpaceX kilicholeta wanaanga wengine, mahali ambapo hapakuwa na kiti. Wenzake wawili wa Soyuz waliachiwa chombo kibovu, kwa hesabu kwamba miili miwili hutoa joto dogo kuliko mitatu. Safari ya miezi sita ikawa ya siku 371.

Juni 2024 ikaja Starliner, chombo kipya cha kampuni ya Boeing, kwa safari iliyopangiwa siku nane. Wakati wa kukikaribia kituo, injini ndogo 5 kati ya 28 za kukielekeza chombo zilizima, na heliamu inayosukuma mafuta kwenye injini ikawa inavuja. Septemba chombo kikarudishwa bila watu. Wanaanga wake, Butch Wilmore na Suni Williams, walirudi Machi 2025, ndani ya Dragon iliyokuwa imeondolewa watu wawili kabla ya kurushwa ili viti vyao vipatikane. Kwa muda wa wiki tatu hivi kabla Dragon hiyo haijafika, mpango wa kukimbia dharura ulikuwa wajilaze kwenye sehemu ya mizigo ya chombo kingine, juu ya vifaa laini, bila mavazi ya shinikizo. Mavazi waliyokuja nayo yalitengenezwa kwa chombo cha kampuni moja, na mirija yake haiungani na mfumo wa chombo cha kampuni ya pili. Ikiwa kibanda kingepoteza hewa njiani, wasingekuwa na kinga yoyote. Hili lilijulikana tangu vyombo viwili vilipokuwa kwenye karatasi.

Linganisheni na Novemba 2025 katika Tiangong, kituo cha anga cha China. Dirisha la chombo cha Shenzhou-20 lilikutwa na nyufa ndogo, zilizodhaniwa kuletwa na takataka za angani. Wafanyakazi wake walirudi tarehe 14 kwa Shenzhou-21, chombo cha wenzao waliokuja kuwapokea zamu. Tarehe 25 Shenzhou-22 ilirushwa bila watu, ikiwa na shehena na vifaa vya kutengenezea dirisha. Watu watatu walikaa siku 11 bila chombo salama, jambo ambalo hatulisifu hata kidogo. Lakini siku 11 si sawa na miezi miwili na zaidi, na tofauti hiyo ilitokana na desturi moja tu: roketi na chombo cha akiba vilikuwa tayari kwenye uwanja wa kurushia wa Jiuquan kabla shida haijatokea. Marekani nayo iliwahi kufanya hivyo. Mwaka 1973, injini ndogo za chombo cha Apollo kilichokuwa Skylab, kituo cha kwanza cha anga cha Marekani, zilipovuja, Vance Brand na Don Lind waliandaliwa kwenda kuwachukua wenzao watatu kwa chombo kilichoongezwa viti hadi vitano. Hawakuhitajika kwenda. Lakini viti vilikuwepo.

2. Kipuri kilichoko ghalani ardhini hakimsaidii aliye juu

Tarehe 31 Julai 2010 pampu ya amonia ya mzunguko mmoja kati ya miwili ya kupozea kituo ilizima. Amonia ndiyo hubeba joto la vifaa vya umeme kwenda kwenye rejeta za nje. Pampu moja ikifa, nusu ya upozaji hupotea na vifaa vingi hulazimika kuzimwa. Pampu hiyo ina uzito wa kilo 350 hivi. Kipuri chake kilikuwa tayari nje ya kituo, kimefungwa kwenye jukwaa la akiba. Hata hivyo Doug Wheelock na Tracy Caldwell Dyson walilazimika kutoka mara tatu, tarehe 7, 11 na 16 Agosti. Kiungio kimoja cha bomba kilikataa kuachia, kisha kikamwaga chembe za amonia iliyoganda. Anayerukiwa na amonia haruhusiwi kuingia ndani moja kwa moja. Husubiri juani mpaka chembe zigeuke mvuke na kupotea, kwa sababu amonia ikiingia kwenye chumba kilichofungwa ni sumu kwa wote. Saa zinazopotea hapo hukatwa kwenye oksijeni na betri ya vazi.

Desemba 2013 vali ndani ya pampu ya mzunguko uleule iliharibika. Safari hiyo Rick Mastracchio na Mike Hopkins walimaliza kazi kwa kutoka mara mbili, tarehe 21 na 24. Maarifa ya 2010 yalikuwa yameandikwa, na kipuri kilikuwa kimeshawekwa nje. Hiyo ndiyo picha ya ukarabati uliopangwa, na tunawapongeza walioufanya.

Sasa tazameni Mei 2024. Pampu ya mtambo wa kuchakata mkojo iliharibika. Kituo kimefikia kurejesha karibu asilimia 98 ya maji yake, na bila mtambo huo hesabu yote huvunjika. Kila mtu hutoa takriban lita moja na nusu za mkojo kwa siku; kwa watu saba ni lita 10 hivi, na kwa mwezi ni lita 300 za kutafutiwa mifuko na matangi, huku maji ya kiasi kinachokaribia hicho yakikosekana kwenye bomba la kunywa. Pampu ya badala, ya kilo 68 hivi, ilipakiwa ndani ya Starliner siku za mwisho, na mabegi mawili ya nguo za Wilmore na Williams yakateremshwa kuipisha. Watu waliokwenda siku nane, wakakaa zaidi ya miezi tisa, waliondoka wakiziacha nguo zao ardhini kwa sababu kipuri kimoja cha lazima hakikuwa juu.

Shehena nayo hupotea. Tarehe 28 Oktoba 2014 roketi ya mizigo ya Antares ililipuka kwenye uwanja wa Wallops, Marekani. Tarehe 28 Aprili 2015 Progress M-27M, chombo cha mizigo cha Urusi, ikashindikana kuongozwa baada ya kurushwa. Tarehe 28 Juni 2015 roketi ya Falcon 9 ilivunjika ikiwa na Dragon ya saba ya mizigo, na humo ndani mlikuwa na vazi la kutokea nje pamoja na adapta ya gati iliyosubiriwa kwa vyombo vipya vya watu. Njia tatu za mizigo, za makampuni na nchi tofauti, zilikatika ndani ya miezi minane. Machi 2025 Cygnus, chombo kingine cha mizigo cha Marekani, iliharibika ikiwa ardhini bado, ndani ya kasha la kusafirishia, na Dragon iliyofuata ikabidi ijazwe chakula na mahitaji ya lazima badala ya baadhi ya vifaa vilivyopangwa.

Mpangaji yeyote anaweza kupiga hesabu hii. Mtu mmoja hula karibu kilo 2 kwa siku pamoja na vifungashio, na huvuta oksijeni ya kilo 0.84. Watu saba ni kilo 14 za chakula kwa siku, au tani 2.5 kwa miezi sita, ambayo ni shehena nzima ya Progress moja kabla hamjapakia hata skrubu. Ndiyo maana kipuri hushindwa kila kinaposhindanishwa na chakula katika orodha moja. Kinahitaji mgao wake wa kilo, ambao haukatwi kwa lolote.

Kuna pia vitu vilivyopelekwa juu bila kufikiriwa kwamba vitafunguliwa. Kifaa cha AMS cha kupima chembe za angani hakikubuniwa kutengenezwa obitini. Pampu zake zilipoanza kufa, Luca Parmitano na Andrew Morgan walitoka nje mara nne kati ya Novemba 2019 na Januari 2020. Walikata mirija 8 myembamba ya chuma cha pua, wakaiunganisha na mfumo mpya wa kupozea, na zaidi ya zana 20 zilibuniwa kwa kazi hiyo pekee. Kazi ilifaulu, kwa miaka ya maandalizi ambayo bamba moja la kufunguka na viungio vya kawaida vingeifupisha sana.

3. Mavazi ya kutokea nje yamechoka, na hakuna mbadala uliokwisha kufika

Mavazi ya Marekani yanayotumika kituoni yalibuniwa miaka ya 1970 na kutumika angani kwa mara ya kwanza mwaka 1983. Mikoba ya mgongoni inayompa mwanaanga hewa na kumpoza ilitengenezwa 18. Ukaguzi wa mwaka 2017 ulikuta 11 tu ndiyo ingali ikifanya kazi.

Tarehe 16 Julai 2013 maji yalijaa ndani ya kofia ya Parmitano, karibu lita moja na nusu. Angani maji hayaanguki. Hushikamana na uso, yakaziba pua na masikio, na alirudi kwenye chumba cha kutokea akipapasa kamba yake. Chembechembe zilikuwa zimeziba matundu madogo ya kitenganishi cha maji katika kipande kinachobeba feni na pampu kwa pamoja, maji yakageukia njia ya hewa. Machi 2022 maji yalionekana tena ndani ya kofia ya Matthias Maurer. Tarehe 24 Juni 2024 matembezi ya nje yalisitishwa mlangoni kabisa, baada ya mrija unaounganisha vazi na kituo kumwaga maji. Baada ya hapo hakuna aliyetoka kwa mavazi hayo hadi Januari 2025.

Tuseme wazi maana yake. Kwa zaidi ya miezi sita, kama pampu ya amonia ingekufa, kipuri kingekuwepo na mikono ya kukifunga isingekuwepo. Kampuni moja kati ya mbili zilizopewa kazi ya mavazi mapya ilijitoa Juni 2024, ikabaki moja. Mpango wa ukarabati wenye msambazaji mmoja wa vazi hauna akiba.

4. Ufa wa Zvezda bado hauna maelezo yanayokubaliwa na pande zote

Njia fupi iliyo nyuma ya Zvezda, moduli ya Urusi ya kituo, kuelekea gati la Progress, ilianza kuvuja hewa mwaka 2019. Aprili 2024 uvujaji ulifika kilo 1.7 kwa siku, kiwango cha juu kuliko vyote vilivyowahi kuonekana pale. Nyufa zimezibwa mara kwa mara, na mlango wa njia hiyo hufungwa pasipo haja ya kuutumia. Juni 2025 safari ya watu wanne ya Ax-4, ya kampuni ya Axiom, iliahirishwa kwa muda kwa sababu ya mabadiliko ya shinikizo mahali hapohapo.

Kinachotukera zaidi ya nyufa zenyewe ni kwamba hadi mwishoni mwa 2024 wahandisi wa Urusi walisema chanzo ni uchovu wa chuma unaoletwa na mitetemo midogo, na wa Marekani wakataja mchanganyiko wa shinikizo, mikazo iliyobaki ndani ya chuma, sifa za chuma chenyewe na mazingira. Fundi asiyejua chanzo hajui azibe wapi kesho. Akifunga mlango moja kwa moja, kituo kinapoteza gati mojawapo la kupokelea mafuta na shehena za Progress. Hilo nalo lina hesabu yake, na hatujaiona ikichapishwa.

Kumbukeni Juni 25, 1997. Progress M-34 iliigonga moduli ya Spektr ya Mir, kituo cha zamani cha Urusi, hewa ikaanza kutoka, na wafanyakazi hawakuweza kufunga mlango mpaka walipong'oa na kukata nyaya zilizopitishwa katikati yake. Dakika walizozitumia kwenye nyaya zilikuwa dakika za hewa.

5. Gati, uwanja na mikono

Haya ni mafupi. Upande wa Marekani kuna magati mawili tu ya vyombo vya watu, kwenye moduli ya Harmony. Starliner iliposhikilia moja mwaka 2024, Dragon iliyofuata ilisubiri chini. Novemba 27, 2025, wakati wa kurushwa kwa Soyuz MS-28, jukwaa la kuhudumia roketi katika uwanja wa 31 wa Baikonur, Kazakhstan, liliporomoka. Huo ndio uwanja pekee uliokuwa ukitumika kupeleka Soyuz na Progress kituoni. Januari 2026 wafanyakazi wanne walirudishwa mapema kwa sababu ya afya ya mmoja wao. Kituo kikabaki na watu watatu, na matembezi ya nje yaliyokuwa yamepangwa yakaahirishwa. Wawili wakiwa nje, lazima abaki mtu ndani anayejua kuwavisha, kuendesha mkono wa roboti na kuwapokea.

Sasa tujibu mapema yale tunayotarajia kuambiwa.

Mtasema wanaanga ni werevu na watabuni njia. Ni werevu kweli. Mei 1973 Skylab ilipoteza ngao yake sekunde 63 baada ya kurushwa, bawa moja la sola likang'oka na la pili likakwama. Joto ndani likapita nyuzi 50 za Selsiasi. Siku 11 baadaye Pete Conrad, Joseph Kerwin na Paul Weitz walifika na mwavuli wa kitambaa, wakautoa kupitia kitundu cha vifaa vya utafiti, na tarehe 7 Juni Conrad na Kerwin wakakata kipande cha bamba kilicholishika bawa. Lakini kitundu hicho kiliwezekana kutumika kwa sababu kilielekea jua, kwa bahati tu. Mkasi wa kukatia ulitafutwa chini baada ya hitilafu. Nje ya Skylab mahali pale hapakuwa na vishikio vya mkono, maana hakuna aliyetegemea mtu kufika hapo.

Mwaka 1985 Salyut 7, kituo cha anga cha Kisovieti, ilikufa kimya. Kihisi kimoja cha betri kilidanganya kwamba betri zimejaa, mfumo ukazitenga na paneli za jua, umeme ukaisha wote. Vladimir Dzhanibekov na Viktor Savinykh waliruka tarehe 6 Juni, kiti cha tatu kikiwa kimetolewa ili kupakia maji na chakula. Walikikaribia kituo kilichopoa wakiongoza chombo chao kwa mkono, wakikadiria umbali kwa kipimo cha leza dirishani. Ndani maji yalikuwa yameganda. Walipima hewa kwanza, wakavaa makoti na kofia za manyoya, wakachagua betri 6 zilizofaa kati ya 8, wakaziunga kwa nyaya moja kwa moja na paneli, kisha wakageuza kituo kizima kwa injini za Soyuz ili jua lizipige. Maji yao yalikuwa ya siku chache. Kama betri zote 8 zingekuwa zimeharibika, wangerudi, na kituo kingepotea.

Tarehe 3 Novemba 2007 Scott Parazynski alishona bawa la sola lililochanika, lenye umeme wa zaidi ya volti 100, kwa vifungo vilivyotengenezwa ndani kwa waya na vipande vya alumini. Alifika pale kwa sababu boriti ndefu ya kukagulia ngao ya Shuttle, chombo cha Marekani cha kwenda na kurudi, ilikuwepo. Shuttle imestaafu tangu 2011, na boriti iliyoachwa kituoni si mpango wa vituo vijavyo. Septemba 2012 Suni Williams na Aki Hoshide walisafisha tundu la bolti iliyokataa kuingia kwa brashi zilizotengenezwa humo humo, moja ikiwa ya mswaki. Werevu hutumia kilichopo mkononi. Kazi yenu ni kuhakikisha kipo.

Mtasema roboti zitachukua nafasi ya mikono. Dextre, roboti ya Kanada, imebadilisha masanduku mengi ya nje, zikiwemo betri za mwaka 2017, nasi tunaifurahia. Lakini kiungio cha amonia kilichokwama na kitambaa kilichochanika bado vinangoja mtu.

Na mtasema kituo kitashushwa karibu na 2030, kwa hiyo fedha za vipuri ni hasara. Hapa ndipo tunapotofautiana nanyi zaidi. Kushusha kituo cha tani 420 kwenye bahari tupu kunahitaji kituo chenye umeme, upozaji, uwezo wa kushika mwelekeo na kompyuta zinazotii mpaka siku ya mwisho. Chombo cha kukisukuma kiliagizwa mwaka 2024. Chombo kama hicho kilifikiriwa pia kwa Skylab, kipelekwe na Shuttle. Shuttle ikachelewa, na tarehe 11 Julai 1979 Skylab ikaanguka yenyewe, vipande vikatua Australia Magharibi. Miaka ya mwisho ndiyo inayohitaji vipuri zaidi, kwa sababu vifaa ni vikuukuu na muda wa kurudia jaribio haupo.

Kwa hiyo tunaomba haya.

Kwanza, kila mtu anayeondoka ardhini awe na viti viwili vilivyopimwa: cha chombo chake, na cha dharura ndani ya chombo kingine kilichoko kituoni, na kigodoro na mirija inayoingia. Viungio vya mavazi vya makampuni yote vifuate kipimo kimoja. Chombo cha akiba kiwe tayari kurushwa ndani ya siku 20, muda ambao China iliuonyesha kuwa unawezekana tangu kutangazwa kwamba kurudi kwa Shenzhou-20 kumeahirishwa hadi kurushwa kwa Shenzhou-22.

Pili, chapisheni orodha ya vipuri vya lazima: pampu za amonia, visanduku vya umeme, betri, pampu za maji na mkojo, vichujio vya hewa ya ukaa, vizibo vya nyufa. Kila kimoja kionyeshe vipo vingapi juu, vingapi chini, na saa ngapi za mtu aliye nje kukibadilisha. Hatuombi siri za kibiashara. Idadi na mahali vinatosha.

Tatu, mavazi manne kamili yaliyopimwa yawepo kituoni wakati wote, na vipande vya feni, pampu na vichujio vya maji vya akiba. Yakipungua, matembezi ya utafiti yasimame na shehena inayofuata ilete vazi kabla ya kitu kingine. Msambazaji wa pili wa vazi apatikane.

Nne, pande zote zitoe ripoti moja ya nyufa za Zvezda, yenye chanzo kinachokubalika au, kama hakuna, mambo mnayobishania na vipimo vitakavyoamua. Ielezwe kituo kitahudumiwaje gati hilo likifungwa moja kwa moja.

Tano, vituo vipya visipewe kibali mpaka vithibitishe ardhini kwamba kila kifaa cha lazima kinaweza kufunguliwa kwa glavu iliyojaa hewa, bolti hazidondoki zikilegezwa, kuna vishikio kila mahali panapohitaji mkono, hakuna waya wala bomba linalopita mlangoni bila kuweza kuachanishwa kwa mkono mmoja ndani ya sekunde chache, na kila chumba kinaweza kufungwa peke yake. Na visiwe na gati moja pungufu ya idadi ya vyombo vinavyotegemewa kuwapo pamoja, bali moja zaidi.

Tunaomba jibu la maandishi kwa kila hoja kwa namba yake, kabla ya kurushwa kwa safari ya watu inayofuata. Pale mtakaposema haiwezekani, tupeni kilo, siku na fedha zinazokwamisha, nasi tutazipitia mstari kwa mstari na kuwarudishia hesabu yetu.

Wenu kwa heshima,

Wahandisi, walimu wa fizikia na wafuatiliaji wa safari za anga, wasomaji na waandishi wa Kiswahili